Uji uliopoa na hatari zake kwa mtoto mdogo

Uji unapotokota jikoni, karibu bakteria wote wanaoweza kumharisha mtoto huwa wamekwisha kufa. Hatari huanza unapoepuliwa. Humiminwa kwenye bakuli lililosuuzwa kwa maji ya ndoo, hupozwa kwa kuhamishwa kutoka kikombe hiki kwenda kile, huonjwa kwa kijiko kilekile cha kulishia, kisha mtoto hula nusu na kusinzia. Nusu iliyobaki hufunikwa kwa kisahani ikimsubiri aamke. Akiamka baada ya saa 3 au 4, anapewa kitu kinachofanana na uji wa asubuhi kwa rangi, harufu na ladha, lakini bakteria wachache walioingia kwa kijiko, kwa bakuli au kwa miguu ya nzi wamekwisha kuzaana humo kwa maelfu. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, muda huo kati ya sufuria na mdomo ndio wenye hatari kubwa katika chakula cha mtoto, nao ndio unaozungumzwa kidogo kuliko yote.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilichapisha makadirio yake ya kwanza ya dunia nzima kuhusu maradhi yatokanayo na chakula. Kila mwaka watu wapatao milioni 600 huugua na 420,000 hufa. Kati ya hao waliokufa, 125,000 ni watoto wenye umri chini ya miaka 5, ingawa watoto wa umri huo ni asilimia 9 tu ya watu wote duniani. Kwa kulinganisha na idadi ya watu, Afrika ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi. Hesabu hiyo inajumuisha pia virusi, minyoo na sumu za namna nyingine. Lakini bakteria wana sehemu kubwa, na tofauti na virusi vya rota, ambavyo vina chanjo inayotolewa kwa watoto Tanzania tangu 2013 na Kenya tangu 2014, bakteria wengi wa kuharisha hawana chanjo ya kliniki. Kinga ya kwanza dhidi yao iko jikoni.

Bakteria wenyewe si wa aina moja, na tofauti zao zina maana kwa anayepika. Mwaka 1885 daktari wa watoto Theodor Escherich, akifanya kazi Munich, alieleza bakteria aliowapata katika choo cha watoto wachanga. Leo wanaitwa E. koli kwa jina lake. Wengi wao huishi tumboni bila madhara yoyote, lakini zipo aina zilizopata uwezo wa kutengeneza sumu inayoufanya utumbo umwage maji badala ya kuyafyonza. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2013, uliofanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia, Siaya nchini Kenya na Manhiça nchini Msumbiji zikiwemo, ulionyesha kwamba visa vingi vya kuhara kukali kwa watoto wadogo vilitokana na vyanzo vinne tu. Viwili kati yake ni bakteria: E. koli wa aina hiyo ya sumu, na shigela, ambaye ndiye chanzo kikuu cha kuhara damu.

Shigela ana tabia ya kutisha. Bakteria wengine wengi huhitaji kuzaana kwanza ndani ya chakula ndipo wafikie idadi ya kuangusha mtu, lakini shigela 10 hadi 100 wanatosha. Hahitaji uji ulale. Kidole kimoja kisichooshwa baada ya choo kinamfikisha. Ndiyo maana nyumba inayopika vizuri na kulisha chakula cha moto inaweza bado kupata mtoto wa kuhara damu, ikiwa mikono ya mlishaji ina kasoro.

Salmonela ni ukoo mpana. Mmoja wao huleta homa ya matumbo, inayofahamika na kila mtu. Ndugu zake wengine, ambao katika nchi tajiri huishia kuharisha kwa siku chache, hapa Afrika kusini mwa Sahara hupenya hadi kwenye damu ya watoto wadogo, hasa wale wenye malaria, upungufu mkubwa wa damu, utapiamlo, VVU au ugonjwa wa selimundu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na homa kali bila kuharisha kabisa. Nyumbani homa hiyo hudhaniwa ni malaria, na pengine ni kweli malaria ipo, lakini haiko peke yake. Homa inayoendelea baada ya mtoto kumaliza dawa ya malaria inataka arudishwe hospitali apimwe tena, wala si kununuliwa dozi nyingine ya dawa ileile.

Kampilobakta anatoka zaidi kwa kuku. Yumo katika nyama yake mbichi na katika kinyesi chake, na watoto wa nyumba zenye kuku wa kienyeji humpata mapema sana maishani. Kisha wapo wale wanaodhuru kwa sumu waliyoitengeneza ndani ya chakula hata kabla hakijaliwa. Stafilokoka hukaa puani na katika vidonda na majipu ya mikono ya mpishi. Basilasi wa nafaka huishi katika mchele na unga kama chembe ngumu zinazovumilia maji yanayochemka; wali ukiachwa upoe polepole sufuriani, chembe hizo huamka, huzaana na kutoa sumu. Sumu ya stafilokoka, na ile ya basilasi inayotapisha, haziharibiki kwa kupashwa moto. Hapa ndipo imani kongwe kuhusu kiporo inapoyumba. Kukipasha kiporo mpaka kichemke huua bakteria wengi, na ni bora mara nyingi kuliko kukila kimepoa, lakini hakuondoi sumu iliyokwisha kuachwa. Kiporo cha wali kilicholala nje usiku kucha ni cha mtu mzima anayejua anachokifanya. Kwa mtoto wa mwaka mmoja si chakula.

Wawili wa mwisho ni adimu zaidi, ila hawafai kupitwa. Kati ya 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko mkubwa kuliko wote uliowahi kurekodiwa duniani wa bakteria aitwaye listeria, uliotokana na nyama ya kusindikwa aina ya poloni. Waliougua walizidi 1,000 na waliokufa walizidi 200, wakiwemo watoto wachanga wengi walioambukizwa tumboni mwa mama zao. Mjamzito kwa hiyo anapaswa kuchemsha au kukaanga vizuri soseji na poloni hata kama kifurushi kinasema ni tayari kuliwa. Wa pili ni bakteria wa botulizimu, ambaye chembe zake huweza kuwamo katika asali safi kabisa ya nyuki. Mtu mzima hazimdhuru, lakini katika utumbo wa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Desturi ya kumlambisha mtoto mchanga asali ni ya upendo na ina mizizi mirefu pwani na bara, na bado haifai kwa umri huo. Asali isubiri mwaka upite.

Kwa nini mtoto huanguka pale mtu mzima anapohisi kichefuchefu tu? Asidi ya tumbo lake bado ni hafifu, na asidi ndiyo inayoua sehemu kubwa ya bakteria wanaomezwa. Kinga yake haijakutana na maadui wengi. Zaidi ya yote, mwili wake ni mdogo. Mtoto wa kilo 8 akipoteza mililita 800 za maji, chini ya lita moja, amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake na amefika kwenye upungufu mkali wa maji unaoweza kuua ndani ya saa chache. Mtu mzima wa kilo 70 angepaswa kupoteza lita 7 ili afikie hali hiyo.

Umri wenyewe nao huleta mitego yake. Miezi 6 ya kwanza, mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee hukutana na bakteria wachache sana, na maziwa yale yana kingamwili zinazofunika ukuta wa utumbo wake. Kisha anapotimiza miezi 6 hivi mambo matatu hutokea kwa pamoja: anaanzishiwa chakula cha nyongeza, anaanza kukaa na kutambaa akiokota kila anachokiona, na meno yanaanza kusukuma fizi. Kuhara kunafuata, na lawama hupewa meno. Meno hayaharishi. Yanamfanya mtoto atie vitu mdomoni, na vitu ndivyo vyenye bakteria.

Lawama hiyo nayo imeleta madhara makubwa. Nchini Tanzania watoto wenye homa na kuhara wamekuwa wakipelekwa kwa waganga ili wang'olewe kinachoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni. Kinachong'olewa ni vichipukizi vya kawaida vya meno, hasa chonge, vinavyoonekana kama uvimbe mweupe chini ya fizi. Vifaa vinavyotumika havijachemshwa, mtoto huvuja damu, kidonda huingia bakteria wengine, na meno ya kudumu yanaweza kuota yakiwa na kasoro au yasiote kabisa. Wakati wote huo maji yanaendelea kumtoka, na saa ambazo angepewa maji ya kumrudishia nguvu zinapotea njiani. Katika mambo yote yanayozunguka kuhara kwa watoto, hili ndilo linalostahili kukomeshwa bila kusubiri.

Turudi kwenye sufuria. Katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za selisiasi bakteria huzaana, na wengi hupenda nyuzi 30 na kitu, yaani joto la kawaida la jiko la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari. Katika hali nzuri mmoja hugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja huwa 8 baada ya saa moja, 512 baada ya saa 3, na baada ya saa 7 amepita milioni 2. Jikoni kasi haiwi kamili namna hiyo, lakini mwelekeo ni huo. Watafiti waliofanya kazi katika kijiji cha Keneba, Gambia, miaka ya 1970 waliona kwamba chakula cha watoto kiliongezeka bakteria kadiri kilivyokaa tangu kupikwa. Uji hauchachi mara moja wala haunuki, hivyo ulimi hauwezi kuwa mlinzi.

Ushauri unaofuata kwa kawaida ni mmoja: mtoto apikiwe kila mlo na ale ndani ya saa 2. Ni ushauri sahihi, na kwa nyumba nyingi hautekelezeki. Mama aliyetoka alfajiri kwenda sokoni, mtoto akabaki na bibi au na dada wa kazi, na mkaa ukawa wa kupimiwa kwa kopo, hawezi kuwasha jiko mara tano kwa siku. Ukisisitizwa bila njia mbadala, ushauri huo huzaa hatia tu. Njia mbadala zipo, na baadhi yake zimekuwepo katika jamii hizi tangu zamani.

Ya kwanza ni kupanga milo kulingana na moto. Ikiwa jiko linawashwa mara mbili, vyakula vya kupikwa vya mtoto viangukie hapo, na milo ya katikati iwe ya vitu vilivyofungwa na maumbile: ndizi mbivu, parachichi, papai, embe. Tunda huoshwa lingali na ganda, mikono huoshwa, kisha humenywa na kupondwa palepale linapoliwa. Nusu ya parachichi iliyobaki huliwa na mkubwa, haiwekwi kando. Yai lililochemshwa mpaka kiini kikawa kigumu, likaachwa ndani ya ganda lake lisilo na ufa, nalo hustahimili saa chache zaidi ya uji.

Ya pili ni chupa ya chai, na hapa pana kosa la mara kwa mara. Chupa nzuri iliyojazwa uji unaotokota hubaki juu ya nyuzi 60 kwa muda, na humo bakteria hawazaani. Lakini chupa kuukuu, au iliyojazwa robo, au inayofunguliwa kila baada ya nusu saa, hushuka hadi vuguvugu na kukaa hapo. Uji wa vuguvugu uliofungwa kwenye chupa ni mahali pazuri pa kuwalea bakteria kuliko hata sufuria iliyo wazi, kwa kuwa haupoi kabisa. Kipimo hakihitaji kifaa: chupa isuuzwe kwanza kwa maji yanayochemka, ijazwe, na uji utakapomiminwa bila kutoa mvuke mwingi na bila kuhitaji kupozwa, ndio mwisho wa kumpa mtoto. Kiasi cha kumlisha kimiminwe bakulini kikiwa kidogo, aongezwe akitaka, na kilichoguswa na kijiko chake kisirudi chupani. Mate hubeba bakteria na huanza kuulainisha uji.

Ya tatu ndiyo yenye thamani zaidi, na inasikitisha kwamba imeachwa katika miji mingi kwa kuonekana ni ya kizamani: kuchachua. Togwa ya Tanzania, na uji uliochachuliwa unaonywewa sehemu nyingi za Kenya na Uganda, hutengenezwa na bakteria wema wanaogeuza sukari ya nafaka kuwa asidi. Uchachu ukiongezeka hadi kipimo cha pH kishuke chini ya 4, E. koli, shigela na salmonela wengi hushindwa kuzaana na hatimaye hufa. Katika miaka ya 1990 Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha utafiti uliofanywa Tanzania ulioonyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachuliwa walipata kuhara mara chache kuliko waliolishwa usiochachuliwa. Mbinu hiyo huenda pamoja na kimea. Unga kidogo wa ulezi au mtama ulioota hulainisha uji mzito, ili mtoto mwenye tumbo dogo apate chakula kingi katika vijiko vichache, bila kuongeza maji.

Togwa nayo ina masharti yake. Kimea kimeloweshwa na kulazwa siku kadhaa, kwa hiyo chenyewe kimejaa bakteria na huweza kuwa na ukungu. Kikionekana kijani au cheusi hakitumiki. Baada ya kutiwa na kuulainisha uji, ni bora uji urudishwe motoni uchemke tena ndipo uchachuliwe kwa kijiko cha togwa ya zamani iliyo nzuri. Uchachu hauondoi sumu ya stafilokoka wala sumukuvu ya mahindi yaliyoota ukungu shambani au ghalani. Nafaka mbovu hubaki mbovu. Na togwa inayoanza kutoa harufu ya pombe imepita umri wa mtoto.

Unga wa lishe unastahili neno lake. Akina mama wengi huchanganya mahindi, ulezi, soya, karanga na dagaa waliosagwa, na nia yao ni njema kabisa. Dagaa wengi wa ziwani hukaushwa juu ya mchanga, pale ndege wanapotua na mbwa wanapopita. Unga wenye dagaa kwa hiyo lazima uchemke vizuri, dakika kadhaa baada ya kuanza kutokota, na unga wa dagaa usinyunyizwe juu ya uji uliokwisha kuepuliwa. Karanga za kusaga nazo hutiwa uji ukiwa bado jikoni. Kosa hili la kuongeza kirutubisho mwishoni, ili kisipoteze ladha, hufuta kazi yote ya moto.

Maziwa ya ng'ombe ya kupimiwa huchemshwa mpaka yafure, hata kama muuzaji ni jirani na ng'ombe anaonekana mwenye afya. Humo hupita pia brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Mtindi wa mtoto uanze na maziwa yaliyochemshwa, kwa sababu kugandisha maziwa mabichi hakutoshi kuua wote. Pale maziwa ya kopo yanapohitajika kwa sababu za kitabibu, ifahamike kwamba unga wake hauko huru na bakteria. Maji ya kuukorogea yawe na joto lisilopungua nyuzi 70, yaani yaliyochemka na kuachwa yasizidi nusu saa, kisha maziwa yaliyokorogwa yapozwe na kutumika ndani ya saa 2. Chupa ya kunyonyea ni adui mgumu kusafisha. Shingo yake, uzi wa kifuniko na tundu la chuchu hushika utando wa maziwa ambao brashi haifiki. Kikombe kilicho wazi na kijiko, hata kwa mtoto mchanga, ni salama zaidi katika nyumba isiyo na maji ya bomba.

Kuhusu maji na mikono mengi yamekwisha kusemwa mahali pengine, basi yatoshe yale yanayosahauliwa. Maji yaliyochemshwa huchafuka tena pale kikombe na vidole vinapotumbukizwa ndooni. Chombo chenye mdomo mwembamba au koki huokoa kazi hiyo. Kibuyu chirizi kilichotundikwa karibu na choo hutumika zaidi kuliko beseni lililo ndani, kwa kuwa hakimlazimishi mtu kurudi nyumbani na mikono michafu. Mikono ya mtoto mwenyewe ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kwani yeye ndiye aliyekuwa chini. Na kinyesi cha mtoto mchanga si chepesi wala si safi kama inavyodhaniwa. Kina bakteria sawa na cha mkubwa au zaidi, na hutupwa chooni, si uani wala jalalani.

Ukweli mmoja unapaswa kusemwa waziwazi hapa. Jaribio kubwa lililofanyika katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2018, liliwapa watu vyoo bora, klorini ya maji na vifaa vya kunawia, na kuhara kwa watoto hakukupungua kama ilivyotarajiwa. Haina maana kwamba kunawa ni kazi bure. Inaonyesha kwamba njia za bakteria kumfikia mtoto ni nyingi, na kuziba mbili au tatu huacha nyingine wazi. Mojawapo ya zilizobaki wazi katika nyumba nyingi ni kuku na mbuzi wanaoshiriki ua na mtoto anayetambaa. Mkeka au turubai linalofuliwa, lililowekwa mbali na njia ya kuku, na banda linalofungwa usiku nje ya chumba cha kulala, ni mambo ya gharama ndogo yanayogusa mlango huo. Kuku mbichi naye akatwe kwenye kibao chake, na kisu kisiguse kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Pamoja na tahadhari zote, mtoto ataharisha siku moja. Kinachoua ni upungufu wa maji, na dawa yake ni maji yenye chumvichumvi za pakiti, ORS, yanayochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kutupwa yakifikisha saa 24. Aliye chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi, aliyezidi hapo mililita 100 hadi 200, kwa kijiko au kwa funda ndogondogo. Akitapika, mlezi hungoja dakika 10 na kuendelea polepole. Pakiti ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji salama hushikilia hali mpaka ipatikane; chumvi ikizidi ni hatari. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Vidonge vya metronidazo vinavyonunuliwa dukani kila mtoto anapoharisha haviwagusi E. koli, shigela wala salmonela. Dawa za kufunga tumbo ni hatari kwa watoto. Kuhara damu ndiko kunakohitaji antibiotiki, na aina yake huchaguliwa na mhudumu wa afya, kwa sababu shigela na salmonela wa ukanda huu wamekwisha kuzoea dawa nyingi za bei nafuu.

Mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata usiku, akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ikibanwa, akishindwa kunywa au akitapika kila anachopewa, akiwa amelegea kupita kawaida, au akipata degedege. Mwenye umri chini ya miezi 2 apelekwe bila kusubiri dalili hizo.

Kunyonya hakukatizwi wakati wa kuhara, wala chakula hakinyimwi. Akipona, mtoto huhitaji mlo mmoja wa ziada kila siku kwa muda usiopungua wiki 2, uliopikwa siku hiyo na kuliwa ukiwa bado una moto wake.